Mapendo Hayana Budi Kuwa na Busara

Mtu atokaye Tanga mjini kwa barabara ya Muheza hufika Pongwe mapema. Ataona mashamba ya mkonge, machimbo ya mawe ya chokaa, kiwanda cha saruji, na reli ile iliyoanza kujengwa kutoka Tanga mwaka 1893. Katika mwaka huo huo Mdachi Richard Hindorf aliuleta mkonge katika pwani hii, akaupanda Kikogwe karibu na Pangani. Haikupita miaka mingi, mashamba yakahitaji mikono mingi kuliko iliyokuwapo. Basi wakaja manamba kutoka Kigoma na Tabora, kutoka Njombe na Songea, hata kutoka ng'ambo ya mto Ruvuma, na wengi wao hawakurudi makwao. Kwa hiyo Pongwe, kama vijiji vingi vya njia ile, ni mahali pa wageni waliofanywa kuwa ndugu. Mtu aliyefiwa ugenini alizikwa na mtani wake, na mwenye njaa alikula kwa jirani ambaye lugha yake ya nyumbani hakuielewa. Huo ni urithi mwema, nasi hatutaki hata kidogo kuudharau.

Lakini tazameni sasa nyumba moja ya mahali kama hapo siku ya mwisho wa mwezi. Baba wa nyumba ni Mkatoliki mwema, ana mshahara mmoja, na nyuma ya mshahara huo umesimama ukoo mzima. Hodi inaanza kabla ya jua kuchwa, na siku hizi hodi nyingine hazipigwi mlangoni ila katika simu. Shemeji ataka nauli. Jirani ataka mdhamini wa mkopo. Kamati ya arusi imekwisha kumwandikia kiasi chake bila kumwuliza. Mpwa wake yumo sebuleni mwezi wa nne sasa, kijana mwenye afya njema, naye huamka wengine wakiwa wamekwisha kwenda kazini. Baba huyu hajui kumkatalia mtu. Hutoa, na kisipokuwapo hukopa ili atoe. Mkewe ameanza kuficha fedha ya unga katika kopo la chai, na mtoto wao wa tatu huenda shuleni na viatu vilivyokwisha nyayo. Baba akiulizwa, hujibu kwamba Mkristu hapaswi kuhesabu.

Je, ndivyo? Hili ndilo tunalotaka kulitazama leo pamoja na wasomaji wetu. Na mtu anayetafuta katika makala hii udhuru wa kufunga mlango wake, tunamwomba aiweke kando kwanza, akasome katika Injili ya Luka habari za Lazaro na tajiri, kisha airudie kama bado atakuwa na hamu.

Wakatoliki wa Tanga wana sababu yao ya pekee ya kulijua jambo hili. Mapadre waliofanya kazi kubwa ya kulijenga Jimbo lao walikuwa Warosmini, yaani watawa wa Shirika la Mapendo, na Askofu wa kwanza wa Tanga, Mhashamu Eugene Arthurs, aliyeliongoza Jimbo tangu mwaka 1958 hata 1969, alikuwa mmoja wao. Shirika hilo lilianzishwa mwaka 1828 na padre wa Italia, Antonio Rosmini, juu ya kilima cha Kalvario karibu na mji wa Domodossola. Alizaliwa mwaka 1797, akafa mwaka 1855, na Kanisa likamtangaza kuwa Mwenye Heri mwaka 2007, baada ya maandiko yake kupita katika tanuru la mashaka kwa muda mrefu. Sasa tujiulize: mtu aliyeliita shirika lake kwa jina la mapendo aliwafundisha nini watawa wake juu ya kuwasaidia watu?

Msomaji angedhani kwamba aliwaambia watoke mbio, wakatafute kila taabu iliyopo duniani. La, hasha. Aliwaambia kwanza wakae. Kazi ya kwanza ya mtu, alifundisha, ni kuisafisha roho yake mwenyewe mbele ya Mungu, kwa maana mtu huyo ni dhaifu, hajui yaliyo mema kwa wengine kama anavyodhani, na mara nyingi hujitwika kazi njema kwa sababu ya kujipenda. Kwa hiyo asijichagulie mwenyewe matendo makubwa ya kusaidia. Na angoje mpaka Mungu amwoneshe mapenzi yake. Humwoneshaje? Kwa njia zilizo wazi: hitaji halisi la jirani aliye mbele yake, ombi la jirani huyo, na agizo la wakubwa wake. Hapo ndipo atakapoondoka, naye akiisha kuondoka asichague kazi kwa kuangalia utamu wake, wala asiache njiani. Tena Rosmini aliyapambanua mapendo kwa namna tatu: kuna msaada wa mwili, kuna msaada wa akili, na kuna msaada wa roho.

Mafundisho haya yaonekana baridi kwa mara ya kwanza. Lakini yatieni katika nyumba ile ya Pongwe, mtaona jinsi yanavyoondoa moshi machoni. Baba yule anadhani ya kuwa kila hodi ni sauti ya Mungu. Rosmini angemwambia: ngoja kidogo, uiulize. Je, ni hitaji, au ni tamaa tu iliyovaa nguo za hitaji? Je, ombi hili limekujia wewe kwa kuwa wewe ndiwe uwezaye kulitimiza, au limekujia kwa kuwa wajulikana hujui kukataa? Na wakubwa wako, yaani wale uliowekwa na Mungu chini ya haki yao, mkeo na wanao, wana neno gani? Mume ameapa mbele ya altare kwa ajili ya mke wake. Hakuapa kwa ajili ya kamati ya arusi.

Tena ile namna tatu ya mapendo yamfungulia mlango ambao hakuujua. Yeye amezoea msaada mmoja tu, nao ni fedha. Kijana yule wa sebuleni amepewa sahani na mkeka kwa miezi minne, lakini hakuna aliyekaa naye jioni moja kumwuliza anaweza kazi gani, wala aliyempeleka kwa fundi, wala aliyemwuliza mara yake ya mwisho kuungama ilikuwa lini. Tumbo lake limesaidiwa. Akili yake na roho yake zimeachwa na njaa. Na huenda sahani ilikuwa njia nyepesi ya kukwepa yale mazungumzo.

Turudi kwenye Injili yenyewe, kwa kuwa wengi hulitaja jina la Msamaria mwema bila kumfuata njia nzima. Mwinjili Luka amempanga kwa utaratibu mkubwa. Msamaria alimwona mtu aliyepigwa, akamhurumia, akamkaribia. Alitumia alivyokuwa navyo, mafuta na divai. Akampandisha juu ya mnyama wake mwenyewe, maana yake yeye alishuka akaenda kwa miguu. Akamfikisha katika nyumba ya wageni, akamwuguza. Mpaka hapa kila mhubiri hufika. Lakini angalieni siku ya pili. Msamaria alitoa dinari mbili, nazo ni kama mshahara wa kibarua wa siku mbili, kama tujuavyo kwa mfano wa wafanya kazi wa shamba la mizabibu. Akampa mwenye nyumba, akamkabidhi mgonjwa, akaahidi kulipa kitakachozidi atakaporudi, kisha akaendelea na safari yake.

Aliendelea na safari yake! Hakuuza mnyama wake. Hakuiacha biashara iliyompeleka, wala hakumchukua mgonjwa kwenda kuishi naye maisha yote. Hakuona aibu kumshirikisha mtu mwingine aliyekuwa na nyumba, vitanda na nafasi. Wala hakumwacha kabisa, kwa sababu aliahidi kurudi, na deni akalifanya lake. Msaada wake ulikuwa na mwanzo, kiasi, mwenzi, na siku ya kuangaliwa tena. Wala Bwana wetu hakumlaumu kwa kuondoka asubuhi ile. Alimweka mbele ya mwanasheria awe mfano.

Mwenye nyumba ya wageni hatajwi sana katika mahubiri, nasi twaona kwamba anadhulumiwa. Katika parokia zetu yeye ni Jumuiya Ndogo Ndogo, ni Karitasi, ni WAWATA, ni zahanati, ni afisa ustawi wa jamii katika halmashauri. Mama mmoja anayemwuguza peke yake jirani mwenye kiharusi, mchana na usiku, mpaka naye akaanguka, amefanya tendo kubwa, lakini jumuiya ya nyumba kumi na tano iliyomzunguka imelala. Afadhali angegonga milango yao siku ya pili. Hata Mitume, kama yasimuliwavyo katika Matendo sura ya 6, walipoona ugawaji wa chakula kwa wajane unawalemea, hawakusema tutajikaza. Waliomba wachaguliwe watu saba.

Wasomaji wengine watauliza: nani atangulie basi? Mtakatifu Tomaso wa Akwino aliliuliza swali hili hili karne ya 13, akajibu kwamba mapendo yana mpango. Twawapenda watu wote kwa kuwatakia wokovu, lakini matendo ya kusaidia huanza kwa wale tuliounganishwa nao zaidi. Akaongeza kwamba, isipokuwa katika hali za nadra sana, si halali mtu kutoa sadaka ya kitu ambacho bila hicho yeye na walio chini yake hawawezi kuishi. Sadaka yafaa itoke katika kile kinachozidi haja. Lakini msifurahi upesi, enyi wenye akiba: Tomaso huyo huyo asema kwamba mtu akiwa katika hatari ya mwisho, mpango huo hufunguka, na mali hurudi kuwa ya wote. Mtoto wa jirani akitapika damu usiku, hatuulizi yeye ni wa ukoo gani.

Bwana wetu mwenyewe aliwakemea watu waliokuwa wakiitangaza mali yao kuwa wakfu kwa hekalu ili wasiwatunze baba na mama. Habari hiyo imo katika Marko sura ya 7. Sisi hatuna tena hekalu lile, lakini tunayo daftari ya michango. Mtu anaandikwa jina lake kwa kiasi kikubwa mbele ya watu, wakati mama yake mzazi kule bara anakunywa chai bila sukari. Michango ya arusi imekuwa kodi isiyo na sheria. Tunasema wazi kwamba mwenye kuipunguza, au kuikataa kwa sababu ya ada ya matibabu ya mwanawe, hajatenda dhambi yoyote. Na kamati inayomfanyia kejeli itafute padre wa kuiungamisha.

Kuhusu dhamana, Maandiko ni makali kuliko wengi wanavyojua. Kitabu cha Mithali charudia zaidi ya mara moja kumwonya mtu asiweke mkono wake kwa ajili ya deni la mwingine. Yoshua bin Sira, katika sura ya 29, ana busara iliyo pana zaidi. Awataka watu wema wamkopeshe jirani wakati wa haja yake, tena wamdhamini. Lakini asema pia jinsi mkopaji anavyoubusu mkono kabla ya kupokea, na jinsi anavyonung'unika siku ya kulipa, na jinsi dhamana ilivyowaharibu watu waliokuwa wamesimama vizuri. Mwisho amshauri mtu amsaidie jirani kadiri ya uwezo wake, akijiangalia asianguke naye. Watu wa siku hizi wameiita mikopo fulani kausha damu, na jina hilo halikutoka hewani. Anayetia sahihi kwenye mkopo wa namna hiyo ametia rehani kitanda, cherehani na amani ya watoto ambao hawakuulizwa. Shauri letu ni hili: kama waweza kupoteza fedha hiyo bila nyumba yako kuyumba, mpe, wala usiiite mkopo, kama huwezi kuipoteza, usiidhamini. Urafiki mwingi ungaliokoka kama watu wangalitoa kidogo na kusahau, badala ya kukopesha kikubwa na kukumbuka.

Wahenga wetu walilipanga jambo la mgeni kwa maneno machache: mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mwalimu Nyerere aliitumia methali hiyo mwaka 1962 alipoeleza maana ya ujamaa, naye akasema kwamba mara nyingi mgeni mwenyewe aliomba jembe kabla ya kupewa. Wachache wanajua kwamba Wakristu wa kwanza walikuwa na sheria inayofanana nayo kabisa. Iko katika maandiko madogo ya kale yaitwayo Didake, ambayo yalikuwa yamepotea, mpaka nakala ikapatikana Konstantinopoli mwaka 1873. Humo waamini wanaambiwa wampokee kila ajaye kwa jina la Bwana, kisha wampime; kama ni mpita njia, wamsaidie kadiri wawezavyo, naye asikae zaidi ya siku mbili, au tatu ikilazimu. Akitaka kukaa, na ana ufundi, afanye kazi apate kula. Kama hana ufundi, jumuiya itafute kwa busara jinsi atakavyoishi kati yao bila uvivu. Kanisa la Siria na mzee wa Kizigua hawakuonana, na bado walikubaliana hata katika hesabu ya siku.

Lakini tuangalie tusilitumie jembe kuwa fimbo. Mtume Paulo alipowaandikia Watesalonike habari ya mtu asiyekula, alimtaja yule asiyetaka kufanya kazi. Hakumtaja asiyeipata. Kijana aliyezunguka kiwandani, bandarini na kwenye mashamba, akarudi na jasho bila kibarua, huyo si mvivu, na kumsomea maneno ya Mtume huyo ni kumwongezea jeraha.

Sasa tufike palipo pazito zaidi. Upo msaada ambao humharibu anayesaidiwa. Mlevi anayelipiwa deni lake la pombe kila mwezi na dada yake hanusuriki, anawezeshwa. Kumpelekea wanawe chakula ni mapendo, kumpa yeye fedha mkononi ni kumnunulia chupa kwa mkono wa pili. Na ubaya ukizidi hapo, mpaka si ruhusa tu, ni wajibu. Tunawasikia akina mama wakiambiwa na jamaa, wakati mwingine hata na wazee wa jumuiya, wavumilie vipigo kwa kuwa ndoa haifunguki na msalaba ni wa kila mmoja. Ndoa haifunguki, ni kweli. Lakini Kanisa halijawahi kumlazimisha mtu kulala karibu na hatari. Sheria ya Kanisa ya mwaka 1983, kanuni ya 1153, yasema kwamba mwenzi anayemtia mwenzake au watoto katika hatari kubwa ya roho au mwili humpa huyo mwenzake sababu halali ya kutengana naye, kwa ruhusa ya Askofu, na hata kwa uamuzi wake mwenyewe kama kungoja kungekuwa hatari. Mama wa namna hiyo aende kwa ndugu walio salama, aende kwa Baba Paroko, aende kwenye dawati la jinsia na watoto la polisi. Kumwombea mumewe akiwa mbali bado ni kumpenda. Na sisi majirani tusiosema neno kwa kuogopa kuingilia ya watu, tujue ya kwamba kuhani na Mlawi wa ule mfano nao hawakuingilia.

Labda mtu atauliza jinsi ya kutambua kama moyo wake unasukumwa na Roho Mtakatifu au na kitu kingine. Mtakatifu Inyasi wa Loyola, ambaye aliwaachia Wakristu kanuni za kupambanua roho, alionya kwamba adui aweza kujivika sura ya malaika wa nuru, akaanza na wazo jema na kumalizia na fujo. Basi tuangalie mwisho wa mambo. Baada ya kutoa, je, nyumba ina amani, au ina manung'uniko na uongo? Naweza kutoa jambo hili likijulikana na Mungu tu, au nitaumia lisiposimuliwa? Je, nilitoa kwa kuwa nilimpenda, au kwa kuwa nilimwogopa, kwamba atanisema, kwamba ataniroga, kwamba wataniita bahili? Woga hutoa sana, lakini haupendi. Inyasi alishauri pia kwamba mtu asibadilishe maazimio yake akiwa katika giza la moyo. Kwa maneno yetu ya nyumbani: usiahidi fedha usiku, wala msibani, wala mbele ya watu. Sema utajibu kesho, ulale, usali, umwulize mwenzi wako.

Hata Bwana wetu, asubuhi ile ya Kapernaumu, aliondoka kabla ya alfajiri kwenda kusali mahali pa faragha, hali wagonjwa walikuwa wakimngoja. Petro na wenzake wakamfuata wakamwambia watu wote wanamtafuta. Hakurudi nao. Aliwaambia waende katika vijiji vingine, kwa maana ndiyo kazi iliyomleta. Wapo waliobaki mlangoni Kapernaumu siku hiyo bila kuponywa.

Linabaki jambo la ulimi, ambalo kwa watu wa pwani si dogo. Neno hapana ni chungu kwetu, na adabu imetufundisha kulizunguka. Twasema tutaona, njoo Jumamosi, Mungu akipenda itapatikana, hali moyoni tumekwisha kukataa. Mwombaji huja Jumamosi, na Jumamosi ya pili, akitumia nauli ambayo angalinunulia unga. Huo si upole. Mtakatifu Benedikto, alipomwelekeza mtunza ghala wa monasteri, alimwambia kwamba asipokuwa na kitu cha kumpa ndugu aombaye, ampe walau jibu jema. Jibu jema ni la kweli, na ni la siku ile ile.

Baba yule wa Pongwe aweza kumkaribisha shemeji ndani, ampe maji na kiti, amsikilize mpaka mwisho. Kisha aseme: Shemeji, nimekusikia. Nauli yote sina, na sitakopa. Ninayo nusu, nimeongea na dada yako, tumekubaliana, ichukue wala usiirudishe. Kesho jioni tuna sala katika jumuiya. Twende wote, tuwaambie na wenzetu shida yako. Na yule mpwa amwamshe kesho saa kumi na mbili, watoke pamoja.